Kiti cha Dereva

Kitambaa changu kilipogusa kiti cha dereva, kiliteleza.

Asubuhi nzima nilikuwa nasafisha Datsun ya marehemu baba, gari jekundu la mbio, milango miwili, lililokaa bandani kwetu Kashaulili tangu mwaka themanini na sita. Mnunuzi alikuwa anakuja kesho na treni ya Tabora. Kutu nilisugua kwa mchanga, taa kwa dawa ya meno. Nyuma nilikuta kuku ametamia mayai tisa. Ngozi ya viti ilikuwa imepasukapasuka kama mbuga wakati wa kiangazi.

Isipokuwa hiki kimoja. Kilikuwa laini, kinang'aa. Nikainama kunusa. Mawese.

Mama alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Miaka yote hiyo minane amekuwa akisema hataki hata kuliona gari hilo, ambalo baba alilitumia kushindana na treni mpaka Katumba, yeye Mama akipiga kelele pembeni yake.

"Mama, nani anapaka mawese hapa?"

Aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kitenge, akaja. Akafungua mlango wa upande wa pili, akavua kandambili, akakaa kwenye kiti chake kilichopasuka. Mkono wa kushoto ukapanda wenyewe kushika mshikio juu ya dirisha.

Nikataka kuingia kwenye usukani.

"Evodi, hapo usikae," alisema, macho mbele. "Wewe nenda nyuma. Huyo kuku msogeze taratibu."