Kamera Hailali Ndani

"Kwapani, wewe! Mfukoni zitakufa kwa baridi," Nyurgun alifoka.

Ayal akazitoa betri za kamera mfukoni, akazisukuma ndani ya shati. Nje, baridi ilikuwa digrii arobaini na tano chini ya sifuri. Gari lao lilinguruma uani tangu alfajiri, maana ukilizima ndiyo kwaheri mpaka theluji iyeyuke. Kesho wangepiga filamu yao fupi ya chuo juu ya mto Lena ulioganda. Mwongozaji alikuwa Tuyaara, ambaye walifikia kwa bibi yake, na kamera amempa Nyurgun. Ayal, aliyeiota kamera ile mwaka mzima, kapewa betri na chupa za chai.

Nyurgun naye hakutosheka na kumshinda, alitaka kumsaga. Tangu Jumatatu alimkalia kichwani.

"Ukipumulia lenzi?"

"Inaganda."

"Sikusikii, bwege."

"Inaganda!"

"Haya, fungua lenzi hii mbovu ya mazoezi. Funga. Tena, ukiwa umefumba macho."

Mwenyewe hakugusa kitu. Alikaa kwenye benchi kama mwana wa mfalme, glovu nene mkono wa kulia hata humu ndani, akiamuru tu.

"Kwani mimi mtumishi wako?" Ayal akafoka.

"Mtumishi angeshaelewa."

Tuyaara, aliyeinamia ramani ya mto, akacheka. Kicheko hicho kilimkata Ayal maini.

Sheria kubwa kuliko zote ilikuwa moja: kamera hailali ndani. Ilikaa ndani ya begi lake kwenye kibaraza cha baridi, pamoja na nyama na maziwa yaliyoganda.

"Ukiitoa baridini ukaileta kwenye joto, inatoka jasho mpaka kwenye utumbo," Nyurgun alisema. "Ukiirudisha nje, jasho lile linakuwa barafu. Kamera imekwisha, na hatuna nyingine. Umesikia, mchemsha chai?"

Ayal alisikia. Alisikia vizuri sana.

Mchana, bibi yake Tuyaara alitupa kipande cha chapati ndani ya jiko, kuulisha moto kabla ya kazi kuanza kama ilivyo mila yao, kisha akawaita chumba cha pili kula samaki mbichi aliyeganda. Nyurgun alikula kwa mkono wa kushoto, akidondosha vipande, na bibi hakumkemea.

Ayal akasema anakwenda kuchota chai. Akaliingiza begi, akafungua zipu, akaiweka kamera wazi kando ya jiko. Wenzake walikuwa wakibishana juu ya mahali jua litakapotokea. Yeye alitazama kioo cha lenzi kikishika ukungu, halafu matone. Akafunga, akalirudisha begi kibarazani.

Hakujuta hata kidogo. Filamu ikifa, ife. Kesho Nyurgun ataumbuka mbele ya Tuyaara na mbele ya mwalimu wao wa chuo atakayekuja kutazama, na ayatakaye mwenyewe haambiwi pole.

Asubuhi mtoni, jua likianza kuchungulia, Nyurgun alikuja na begi begani. Tuyaara na mwalimu walikuwa nyuma yake. Akasimama mbele ya Ayal.

"Mbona umenuna? Shika."

"Nishike nini?"

Nyurgun akaing'ata glovu ya kulia, akaivua kwa meno. Vidole vitatu vilikuwa vimefungwa bandeji, na ncha zake zilizochomoza zilikuwa nyeusi tititi.

"Baridi ilinila wiki iliyopita, nikitafuta mahali pa kupigia filamu. Siku ileile nilimwambia Tuyaara kamera ni yako. Akasema hujaiva. Nikamwambia niachie, nitamwivisha."

Akalitua begi mikononi mwa Ayal.

"Fungua basi, mpiga picha. Sote tunakungoja wewe."