Nyasi za Eusebia

Lori la kituo cha umeme lilikuwa limeshaanza kuteremka mlima, limesheheni nyasi na mabua ya kijiji kizima, Eusebia Ndunguru alipojitosa mbele yake na jembe begani.

"Shusha zangu, mkwe."

Kapinga, dereva, akakanyaga breki. "Mama, unanitafutia balaa."

Sheria aliijua kila mtu: chochote kikavu kilichoota ardhini ni mali ya kituo, kikachomwe pamoja na makaa ya mawe. Anayezuia hukatiwa umeme, na kuni nazo ni za kituo, kwa hiyo hana pa kuchemshia hata uji. Lakini Wamatengo wa mlima huu hulima ngoro, mashimo ya kilimo mteremkoni. Hupanga nyasi kwa miraba, huzifukia kwa udongo, zikaoza humo zikawa mbolea na kuushika mlima usisombwe na mvua.

"Watakukatia, mama. Mtakula nini?"

"Viazi vibichi. Meno ninayo. Udongo ukishaenda na maji, nitatafuna taa yako?"

Mumewe akaita kutoka barazani, "Eusebia, mimi sili vibichi!"

"Basi panda lori!"

Kapinga akashusha nyasi zote za mama mkwe wake.

Kapinga alifukuzwa kazi, na Eusebia akakatiwa umeme. Mzee alihamia kwa binti yao, kwenye mwanga. Mashamba ya majirani yaliporomoka msimu wa pili, nao wakapelekwa kambini kando ya kituo, ambako taa hazizimwi na chakula hugawiwa. Mlima mzima, ni Eusebia peke yake anayelima. Hakuna anayepanda kumwona.