Jina la Jumanne

Kama ni kumsadiki Lhamu, jirani wa ukuta kwa ukuta, barafu ilimeguka huko juu mlimani jua likichomoza, watu wakakimbia, Mingma akabaki chini yake.

"Mingma yupi?" Kiazi alichokuwa akikimenya Yangji kilimponyoka.

"Mama Kikuli, mimi nitajuaje? Mpagazi kapita mbio, kasema Mingma, basi. Na huko juu akina Mingma wamejaa kama mawe!"

Ni kweli. Kwao mtoto hupewa jina la siku aliyozaliwa, na wa Jumanne ni Mingma, hakuna mjadala. Mume wa Yangji ni Mingma, naye yuko huko juu anawabebea wageni kamba.

Yangji akajaza chupa chai ya siagi. Akatia kifuani kitambaa cheupe, kile anachovishwa anayerudi salama, na anayeagwa pia. Akatafuta viatu vikuukuu vya mumewe vya kukanyagia barafu, asivione.

"Si kaondoka navyo Kikuli," Lhamu alimkumbusha. "Kushuka sokoni Namche na viatu vya barafu! Anataka kuwatisha wasichana."

"Huyo naye! Nimemtuma siagi tu, mpaka leo hajarudi."

Kikuli, yaani kinyesi cha mbwa. Watoto waliomtangulia hawakuwahi kutambaa, ndipo lama, mtawa wa hekaluni, akaagiza huyu aitwe jina la kuchukiza, ili kifo kikipita mlangoni kizibe pua kiende zake. Kikaziba pua, mtoto akaota ndevu. Baba yake hupenda kumtania: "Siku ya kuzaliwa tumechangia, mwanangu, ila jina zuri nimelichukua mimi!"

Yangji alipanda. Mto ulinguruma bondeni, miti ikapungua kimo, kisha ikaisha kabisa. Kila alipofika kwenye ukuta wa mawe ya sala aliuacha mkono wa kulia, kama ipasavyo, na sala yake ilikuwa moja: Awe Mingma mwingine. Yeyote, si huyu wangu.

Alijua kila Mingma ana mama yake. Uso ukamwiva kwa aibu. Akaomba tena vilevile.

Kwenye kilele cha mwinuko, upepo ukipiga bendera, akamwona mtu anashuka, mkanda wa mzigo kwenye paji la uso, mgongo umepinda chini ya furushi refu la turubai. Akaujua ule mguu wa kushoto unaoburutwa. Alimkimbilia akicheka na kulia kwa pamoja, akamvisha kitambaa shingoni.

"Mzee wewe, umenizeesha leo! Nimesikilizwa, jamani, nimesikilizwa! Haya, tua huo mzigo unywe chai."

Mingma hakutua. Midomo ilikuwa imempasuka kwa baridi.

"Alinifuata kambini," alisema. "Nilikuwa nimeshapanda. Akaona haya kuomba kazi kwa jina la kinyesi. Akawatajia la siku yake."

Chupa ilikuwa tayari imefunguliwa, mvuke unapanda.

"Mama Kikuli, nisaidie kumtua. Taratibu."