Mpaka Kivukoni na Kurudi

Fundi Idrissa aliinama, akafumba macho, akapitisha shavu lake juu ya tairi la mbele. Vinywele vya mpira vikamkwaruza. Vilikuwapo vyote, kama siku tairi lilipotoka kiwandani.

"Hii kinga haijagusa udongo," alisema, akiipiga baiskeli kofi kwenye tandiko.

"Njo ile nilikuambia," alijibu Hadidja.

Baiskeli ilikuwa imesimama kwa stendi yake katikati ya sebule ndogo, huko Alunguli, mtaa wa kando ya mto. Mlango ulikuwa wazi. Barazani, Latifa, binti wa Hadidja, alikuwa anachambua mchele wa harusi yake mwenyewe.

Fundi hakuwa mtu wa haraka. Alizungusha pedali kwa mkono, akausikiliza mnyororo. Aligonga spoki kwa ukucha, moja baada ya nyingine, asikie kama zote zinatoa sauti moja. Kisha akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akatoa kitambaa, akafuta kengele mpaka akauona uso wake ndani yake.

"Nani aliinunua?"

"Mume wangu. Wiki moja mbele ya muji kufungwa."

Huo ulikuwa mwaka wa 2002. Wenye bunduki walikuwa ndani ya mji, na wengine wenye bunduki walikuwa nje yake. Aliyetoka kwenda shambani kutafuta muhogo aliuawa na hawa au na wale.

"Na hakuipanda hata siku moja?"

"Alitaka. Asubuhi ile walikuwa waende shamba na ndugu yake, Djamali. Djamali akatangulia. Mume wangu alikuwa bado anapiga pampu gurudumu la nyuma. Tukasikia bunduki, pale pale kwenye njia ya kivuko. Latifa alikuwa mugongoni mwangu."

Fundi alilitazama gurudumu la nyuma kwa muda mrefu.

"Pole, mama."

"Nimekwisha poa. Sema bei."

"Sokoni zinaenda ngapi sasa?"

"Za namna hii? Dola mia moja na ishirini."

"Zimepanda."

"Vitu vyote vimepanda, fundi. Ni mimi tu nimebaki na bei ya zamani."

Fundi alitabasamu kidogo. "Basi mia na kumi. Lakini hiyo ni bei ya ndani."

Mafundi wa zamani wa Alunguli walikuwa na desturi yao. Bei ya kwanza husemwa baiskeli ikiwa imesimama. Bei ya kweli husemwa baada ya fundi mwenyewe kuipanda mpaka kivukoni na kurudi, kwa sababu fremu iliyopinda haijulikani mpaka itembee. Fundi aliyetoa bei ya kweli bila kupanda hakurudiwa na mtu tena.

"Mimi nataka ile ya kweli," alisema Hadidja. "Na ninaitaka leo. Ijumaa Latifa anaolewa, kwenye musikiti ule wa njia ya kivuko. Nahitaji jibu."

"Jibu gani?"

"Bei, fundi."

Fundi alifuta mikono. Alisema jua ni kali. Hadidja akasema jua limefunikwa na wingu. Fundi akasema breki ya nyuma inataka kukazwa. Akaikaza. Alipomaliza akailegeza, kisha akaikaza tena.

"Fundi gani huyu, anapanga bei ya kinga bila kuipanda?" alisema Hadidja. "Ni kama mutu ananunua mbuzi kwa kusikia sauti yake nyuma ya ukuta."

Barazani, Latifa alicheka, kisha akajizuia.

Fundi alikunja suruali mguu wa kulia. Akapandisha stendi, akaisukuma baiskeli kuelekea mlangoni. Hadidja alisogeza kiti kilichokuwa njiani. Mkono wa Latifa ulitulia ndani ya ungo.

"Mufereji wa mbele ya mulango?" fundi aliuliza.

"Walifunika. Muda murefu."

Gurudumu la mbele lilivuka kizingiti, likashuka, likagusa udongo. Mikono ya fundi, iliyoshika usukani, ilikuwa nje kwenye mwanga. Mwili wake uliobaki ulikuwa ndani. Alisimama hivyo, na hakuna aliyemharakisha.

Pikipiki ikapita kuelekea kivukoni. Bomba lake la moshi likalia mara mbili, kwa kishindo.

Baiskeli ikarudi ndani. Haikurudi polepole.

"Fremu iko sawa," fundi alisema, akitazama sakafu. Jasho lilikuwa limemlowesha shingo. "Nadhani iko sawa. Bei nitasema kesho."

"Kesho ni Alhamisi."

"Kesho, mama."

Hadidja alichukua kitambaa, akainama kufuta udongo kwenye tairi la mbele. Fundi akamshika mkono.

"Uache," alisema.

Akapita nyuma ya pazia, akaketi ukingoni mwa kitanda chake na Hadidja, akavua viatu. Akavisukuma mahali pake, karibu na kandambili za Hadidja. Kwenye soli zote mbili, namba 42 ya dukani ilikuwa bado nyeupe; havikuwa vimekanyaga nje hata siku moja.

Latifa alikuja kusimama kwenye pazia, ungo mkononi.

"Baba," alisema, "Ijumaa shehe anaweza kuja kufungisha ndoa humu ndani."