Mashine ya Séraphin

Siku Séraphin alipokosa kurudi nyumbani, shimo moja la wachimbaji liliporomoka nje ya mji wa Kolwezi, Kongo. Watu walikimbilia huko na makoleo, lakini jioni katapila ikaja kusawazisha udongo. Hakuna aliyejua majina ya wote waliobaki chini, maana wachimbaji wale walikuwa wakiingia kwa kificho.

Majirani wakaja mtaa wa Dilala, kwa Ndaya, mke wake. Walimkuta uani anafua kitenge, maji ya beseni mekundu kwa udongo.

"Séraphin hakukuwa kule," aliwaambia. "Alitoka asubui. Alienda Zambia kutafuta kazi."

Hakulia. Majirani waliliona hilo, wakaondoka wakinong'ona.

Baada ya siku chache alifunga laptop ya mumewe ndani ya kitambaa, akaipeleka kwa Blanchard. Blanchard alikuwa na kibanda karibu na shule, na kazi yake ilikuwa kufufua laptop zilizochoka. Alizoea kufuta kila kitu kilichokuwemo na kuweka mfumo wa Linux, na mashine iliyokuwa ikihema kama mgonjwa ilianza tena kutembea. Ile ya Séraphin ilikuwa ya tangu alipokuwa karani kwenye depo ya shaba, kabla hajafukuzwa na kushika koleo kama wengine.

"Iyi mashini ni muzee, mama Jémima," Blanchard alisema, akimwita Ndaya kwa jina la binti yake. "Windows imeishinda nguvu. Mi nafuta yote, naweka Linux, utaona itakuwa kama kijana."

"Usifute."

"Nafutaka yote. Njo kazi yangu."

"Facebook ya Séraphin inafungukaka humo yenyewe, bila kuuliza kitu. Simu alienda nayo. Ukifuta, mi sitaingia tena."

Blanchard akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Aah, mama! Unataka kumupeleleza bwana yako! Uone ni mwanamuke gani anamushika kule Zambia!"

Ndaya aliangalia miguu yake. "Fanya vile nakuomba, baba."

Ilikuwa kazi. Blanchard alitoa mafaili yote akayatunza pembeni, akaweka Linux, kisha akayarudisha moja moja mahali pake, pamoja na njia zote za intaneti ambazo Séraphin alizoea kupita. Alipounganisha mtandao, ukurasa wa Séraphin ukafunguka. Picha yake ikatokea, anatabasamu chini ya kofia nyeupe ya depo.

Ndaya akaifunika skrini kwa kiganja.

"Hausome?" Blanchard aliuliza.

"Nitasomea kwangu."

Alirudi kibandani mara moja tu, kuuliza ni wapi pa kubonyeza ili herufi e ipate alama yake juu. Alisema ni kwa devoir, kazi ya shule ya Jémima, binti yake.

Jumamosi moja shemeji yake Ntambwe aliingia uani na vijana waliobeba turubai. Nyuma yao alikuja Tshilombo, mama yake Séraphin, kichwa wazi, macho yamevimba, na wanawake wa kulia matanga wakimfuata. Alikaa chini kwenye mkeka bila kusalimia.

"Mama Jémima, tulichoka kungoja," Ntambwe alisema. "Mukubwa wangu alikufa mu shimo, kila mutu anajua. Leo tunaweka matanga. Na unajua vile kwetu inaendaka. Nyumba inarudia kwa famille, batoto banaenda kwa shangazi yabo kule Kasai, na we unarudia kwa baba yako."

"Séraphin hakukufa."

"Mutu muzima anaacha kumuandikia ata mama yake?"

Ndaya alimtazama Jémima, aliyekuwa amemshika mdogo wake mkono, kisha akatazama zile kamba zilizokuwa zikifungwa kwenye ukuta wake.

"Munipe nafasi nivae nguo nyeusi," alisema. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Vijana walikuwa wanakaza pembe ya mwisho ya turubai simu ya Tshilombo ilipolia kifuani mwake. Bila miwani hakuona kitu, akampa Jémima asome.

"Mama, ni mi Séraphin," mtoto alisoma polepole. "Niko Solwezi huku Zambia, niko muzima. Simu yangu waliiba. Usilie. Umuambie Ntambwe asiguse nyumba yangu."

Tshilombo alipiga vigelegele, akajitupa chini, akainuka, akajitupa tena. Ntambwe aliichukua simu, akaitazama sana picha ya kaka yake. Kisha akaanza kucheka.

"Kumbe alimukimbia tu mwanamuke! Mama Jémima, toka! Bwana yako aliandika!"

Ndaya alitoka amevaa nyeusi. "Anasema nini?"

"Anasema mengi," Ntambwe alijibu. "Jina yako tu njo hakutaja."

Wanawake waliokuja kulia wakaficha midomo ndani ya vitenge, mabega yao yakitikisika kwa kicheko. Turubai ikateremshwa.

Tangu siku hiyo Ndaya ni mke aliyeachwa. Sokoni wanamuuliza kama barabara ya Zambia imefungwa, na Blanchard akimwona anapita huinamisha kichwa kwa huruma. Watoto wako nyumbani, wanasoma. Misa ya kumwombea Séraphin haikusomwa, na haitasomwa.

Jumapili, akitoka kanisani, Ndaya hupita penye lile shimo, pale udongo ulipomfunika mumewe mbele ya macho yake, chakula alichomletea kikiwa bado moto mikononi mwake. Hasimami. Akifika nyumbani hufunga mlango, huwasha mashine, na kumwandikia Tshilombo: "Mama, ni mi Séraphin. Ulikunywa dawa?"