Redio ya Baba Zuhura

Siku hizi kliniki haituulizi wagonjwa wa utumbo kama tumeridhika na matibabu. Kila nyumba imefungiwa kinasa sauti ukutani. Kinasikiliza tunavyougulia, kisha kinatujibia.

Kwa miaka mitatu, kila nilipokimbilia chooni, mume wangu alifungulia redio mpaka mwisho. Nilikuwa namwombea dua kwa hilo. Nilidhani ananisitiri, majirani wasisikie ninavyolia.

Leo nimemweleza nesi kwamba natokwa na damu, nataka dawa mpya. Akatazama kompyuta yake.

“Mama, kwako kinasa sauti kinasikia muziki tu. Umeridhika asilimia tisini na nane. Dawa mpya ni ya wasioridhika, na lazima walazwe.”

Nimerudi nyumbani nikamuuliza Baba Zuhura kuhusu ile redio. Wala hakukana.

“Ungelazwa miezi mitatu, Mama Zuhura. Mimi ningepikiwa na nani?”

Nikampakulia ugali, maana mikono imeshazoea. Kabla sijakaa, tumbo likanikata. Nikageuka nikielekea chooni. Naye, huku anatafuna, akanyoosha mkono kwenye redio.