Mwiko wa Risper

Mke wangu Risper alitoa mwiko kwenye mkoba, na ajenti wa nyumba aliyekuwa akitusifia marumaru akarudi hatua nyuma.

Tulikuwa jikoni, katika nyumba mpya ya esteti inayojengwa nje ya Homa Bay. Mimi nilishaipenda tangu getini. Yeye alikuwa bado anaikagua.

Alitanua miguu, akashika sufuria isiyokuwepo na kuanza kusonga ugali wa wageni. Mara kiwiko kikagonga ukuta, ko!

"Hii ni jikoni ama choo?"

"Madam, siku hizi watu wanaagiza chakula kwa simu," ajenti akamwambia.

"Ugali? Kwa simu? Wololo!"

Nilikohoa ili nisicheke. Risper akafungua mlango wa nyuma. Kulikuwa na baraza pana lenye paa, na upepo wa ziwa ukipita. Akasonga tena, kwa nguvu zote, hadi kilemba kikamlegea. Kiwiko hakikugusa kitu.

Akarudi ndani, uso mkavu. "Tutafikiria," akamwambia ajenti.

Tulipofika getini nikaona mikono yake mitupu, na mkoba umelala bapa.

"Mwiko uko wapi?"

"Si uko nyumbani," akasema, akionyesha kwa kidevu nyumba tuliyotoka.